Hubble, Webb, TESS au Gaia: data ya darubini ipi ikufae?

Mwanafunzi wa Tudor anayetafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, mwalimu wa Likoni anayeandaa kikundi cha maonyesho ya sayansi na kijana wa Kisauni aliyeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hukwama mahali pamoja. Data ya darubini za anga za juu iko wazi na haina malipo, lakini ni nyingi mno, mtu hajui ashike wapi. Wengi hushika darubini yenye picha iliyowapendeza, na baada ya wiki mbili hugundua kwamba picha ile haiwezi kujibu swali walilonalo. Swali ndilo litangulie, darubini ifuate.

Kwa nini kazi hii ifanyiwe huko juu? Hewa ya Mombasa yenyewe ni somo tosha. Mvuke unaonatisha shati mgongoni ndio huohuo unaomeza sehemu kubwa ya infraredi, mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho, kabla haijafika ardhini. Ozoni huzuia urujuanimno, ule wa mawimbi mafupi usioonekana, na eksrei kutoka angani haifiki chini kabisa. Hata mwanga unaopenya huyumbishwa na hewa yenye joto lisilo sawa, ndiyo maana nyota humemeteka juu ya taa za Kilindini. Darubini ikipanda juu ya hewa, vizuizi vyote hivyo huondoka kwa pamoja.

Na Pwani yetu ina sehemu yake katika habari hii. Satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa falaki ya eksrei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksrei, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Darubini nne tunazolinganisha hapa zimechaguliwa kwa sababu data yake hupatikana kwa urahisi na ina zana za bure za kuichambua. Tutazipima kwa mambo manne: mwanga zinaouona, kitu unachopewa mkononi, bando na mashine zinazohitajika, na makosa yanayomwangusha anayeanza.

Mwanga zinaouona

Hubble ilirushwa Aprili 1990. Kioo chake kina upana wa mita 2.4, na huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, kiasi cha kilomita 500 juu yetu. Huona kuanzia urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa mikromita 0.1 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), hupita mwanga wote wa macho, hadi infraredi ya mikromita 1.7. Njia yake haivuki digrii 28.5 kaskazini wala kusini mwa ikweta, kwa hiyo hupita juu ya Mombasa. Baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, mbingu ikiwa safi, unaweza kuiona yenyewe kama nukta isiyomemeteka inayosafiri kati ya nyota. Mtu wa London haioni kamwe, maana kwake haipandi juu ya upeo.

Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 na iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake cha mita 6.5 ni vipande 18 vya berili vilivyopakwa dhahabu, na hukusanya mwanga mara 6 hivi ya Hubble. Huona kuanzia mikromita 0.6 hadi 28. Kila kitu chenye joto hutoa infraredi, darubini yenyewe ikiwamo, kwa hiyo Webb hukaa nyuma ya mwavuli wa tabaka 5 wenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, na chombo chake kiitwacho MIRI hupozwa hadi chini ya kelvini 7, yaani nyuzijoto 266 chini ya sifuri. Bila baridi hiyo ingekuwa sawa na kutafuta mwanga wa kibatari ng'ambo ya kivuko huku umewashiwa taa ya gari usoni.

Tofauti ya hizi mbili huonekana wazi katika Nebula ya Tai, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Hubble ilipiga picha nguzo zake mwaka 1995: zimesimama kama minara minene, nyeusi kiunoni, na kingo zake zinang'aa kwa gesi inayochomwa na nyota za jirani. Picha ya Webb ilitolewa Oktoba 2022. Nguzo zilezile zimekuwa kama pazia la shashi, nyota nyingi zinaonekana kupitia kwake, na kwenye kingo kuna vitone vyekundu vya nyota changa ambazo Hubble haikuziona. Chembe za vumbi hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi, mawimbi marefu yakapenya. Anayetaka kusoma gesi iliyochajiwa na umbo la wingu lenyewe atashika Hubble. Anayetaka nyota zilizozaliwa ndani atashika Webb.

Kwa vitu vya mbali sana, pengo ni kubwa zaidi. Galaksi ya JADES-GS-z14-0 tunaiona jinsi ilivyokuwa miaka milioni 300 hivi baada ya Mlipuko Mkuu. Ulimwengu umetanuka njiani, na mwanga wake umenyooshwa takriban mara 15. Gesi ya haidrojeni iliyo kati yetu nayo humeza mwanga wote uliotoka ukiwa mfupi kuliko mikromita 0.12. Zidisha 0.12 kwa 15, unapata 1.8: chini ya hapo galaksi ile haina mwanga wa kutufikia, na Hubble inaishia 1.7. Hata ingeitazama mwaka mzima isingepata kitu.

TESS na Gaia hazina upana huo. TESS hupokea mikromita 0.6 hadi 1.0 kupitia kamera nne zenye tundu la sentimita 10.5 kila moja, dogo kuliko kisahani cha chai. Gaia ilipokea mwanga wa macho na kidogo pembeni. Nguvu yao iko kwingine.

Unachopewa mkononi

Hubble na Webb hutoa picha na spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake. Picha inakuja nyeusi na nyeupe, faili moja kwa kila kichujio, na rangi unaziweka wewe. Kwa nguzo za Nebula ya Tai, Hubble ilitumia vichujio vitatu: F502N cha oksijeni, F657N cha haidrojeni na F673N cha salfa. Oksijeni hupewa bluu, haidrojeni kijani, salfa nyekundu, kwa kufuata mpangilio wa mawimbi kutoka fupi hadi refu. Hubble ina utajiri mwingine ambao Webb bado haijaupata, nao ni umri. Nguzo hizo zilipigwa 1995 na tena 2014, na ukizilinganisha utaona mchirizi wa gesi unaotoka kwenye nyota changa umerefuka. Ni vitu vichache sana vya angani vinavyobadilika mbele ya macho ya mtu mmoja.

TESS, iliyorushwa Aprili 2018, hutoa grafu ya mwangaza. Hukodolea kipande cha mbingu cha digrii 24 kwa 96 kwa siku 27 hivi, kisha huhamia kingine. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwangaza hushuka kidogo. Nyota ya kuanzia, na tunasisitiza uanze nayo, ni WASP-18, ambayo katika orodha ya TESS ni TIC 100100827. Sayari yake huizunguka kwa saa 22.6 tu. Pakua data ya kila dakika 2, chora grafu, na utaona mabonde ya karibu asilimia 1 yamejipanga kama meno ya chanuo, 25 au zaidi katika kipindi kimoja, na pengo katikati ambapo chombo kilisimama kutuma data duniani. Kipeuo cha pili cha 0.01 ni 0.1, kwa hiyo kipenyo cha sayari ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha nyota. Kwa nyota inayokaribia ukubwa wa jua, hiyo ni sayari ya ukubwa wa Mshtarii. Kazi hiyo yote humalizika jioni moja.

Gaia haikupi picha, inakupa jedwali. Ilirushwa Desemba 2013 na ikaacha kupima Januari 2025, lakini toleo lake la tatu la data, la Juni 2022, lina nyota zipatazo bilioni 1.8: mahali zilipo, mwendo wao, rangi, na zaidi ya yote paralaksi. Nyosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine, kidole kitaruka dhidi ya ukuta. Dunia ikizunguka jua, nyota ya karibu nayo huruka hivyo dhidi ya zile za mbali, na kadiri inavyoruka ndivyo ilivyo karibu.

Kwa msomaji wa Pwani hakuna mfano mzuri kuliko Kilimia, nyota ambazo wakulima na mabaharia wetu walihesabia majira: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Umbali wake uliwahi kuwa ugomvi. Satelaiti ya Hipparcos ilitoa paseki 120 hivi (paseki moja ni miaka ya nuru 3.26), njia nyingine zikasema 133 na zaidi, na tofauti hiyo ilitia shaka nadharia za jinsi nyota zinavyong'aa. Gaia ilimaliza ubishi. Omba nyota zote zilizo ndani ya digrii 2 kutoka mahali pake kwenye ramani ya mbingu, 56.75, 24.12, kisha chuja zenye paralaksi kati ya 6.9 na 7.9 na mwendo unaokaribia 20 kuelekea mashariki na 45 kuelekea kusini, vyote kwa sehemu za elfu moja za sekunde ya tao, mwendo ukiwa wa kwa mwaka (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Utabaki na familia ya Kilimia, paralaksi ya wastani ikiwa 7.4 hivi. Gawanya 1,000 kwa 7.4: paseki 135, yaani miaka ya nuru 440. Ukichora rangi dhidi ya mwangaza, nyota zitajipanga kwenye mstari mmoja mwembamba kwa sababu zilizaliwa pamoja.

Bando, stima na mashine

Hapa ndipo miradi mingi hufa, kwa hiyo tazama ukubwa wa faili kabla ya kubonyeza. Jedwali la Gaia lenye mistari 5,000 na safu 10 ni megabaiti 1 hivi. Grafu moja ya TESS ni kama megabaiti 2. Picha moja iliyounganishwa ya kamera ya ACS ya Hubble ni megabaiti 200 hivi, na ukitaka rangi unahitaji tatu. Picha pana ya Webb, faili lenye herufi i2d mwishoni mwa jina, hupita gigabaiti 1 kwa urahisi, na laptopu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itaganda ukijaribu kufungua tatu kwa mpigo.

Data ya Hubble, Webb na TESS iko katika hifadhi ya MAST, na ya Gaia katika hifadhi ya shirika la anga la Ulaya, ESA. Kwa picha tumia DS9 kuzitazama na GIMP kuzipaka rangi, kwa TESS tumia Lightkurve, kwa Gaia tumia TOPCAT. Zote ni bure. Mwenye bando dogo na afanye kazi ndani ya Google Colab: faili husafiri kutoka hifadhini hadi kwenye kompyuta ya mbali, na kwako hurudi grafu tu. Kumbuka Colab hufuta faili zake kikao kikikatika. Stima ikipotea ukiwa katikati ya kazi na hukuhifadhi matokeo kwenye Drive, utaanza upya.

Asiye na laptopu kabisa afungue ESASky kwenye simu. Ataona mahali Hubble na Webb zilipotazama na ataweza kubadilisha mwanga mmoja kwa mwingine juu ya kitu kilekile. Kwa kupima hakutoshi. Kwa kufundisha darasa kunatosha sana.

Jambo la Webb la kuangaliwa mapema: data nyingi za watafiti hufungwa hadi miezi 12 ili walioomba muda wazichambue kwanza. Ukikuta kufuli, usibadilishe mada. Tafuta picha za mwanzo zilizotolewa Julai 2022, kama programu namba 2731 ya Nebula ya Carina, ambazo ziko wazi. Data ya TESS haina kufuli hilo.

Makosa yanayowaangusha wanaoanza

Hubble: chembe za miale ya anga hugonga kamera na kuacha vidoa na mikwaruzo myeupe inayofanana na nyota. Faili zenye mwisho wa flt zinazo. Chukua drz au drc, ambazo zimeunganishwa kutoka picha kadhaa na kusafishwa. Kosa la pili ni kusahau udogo wa eneo. Picha ya ACS ni sekunde 202 za tao kila upande, karibu sehemu moja ya tisa ya upana wa mwezi mpevu, kwa hiyo galaksi kubwa haitoshei. Na tangu Juni 2024 darubini hii inaelekezwa kwa jairoskopu moja, kifaa cha kuhisi inavyogeuka, hivyo hupiga picha chache kuliko zamani na haiwezi kufuata vitu vilivyo karibu kuliko mzingo wa Mirihi.

Webb: katikati ya nyota angavu utakuta shimo jeusi. Si shimo jeusi la angani. Kamera ilijaa mwanga, programu ikafuta thamani za pikseli hizo. Miali inayochomoza kwenye nyota nayo ni alama ya darubini, sita mikubwa na miwili midogo, kutokana na umbo la kioo na nguzo zake. Hubble hutoa minne. Na kwa kuwa mwavuli lazima ulikabili jua wakati wote, Webb haitazami Utaridi, Zuhura, dunia wala mwezi. Usipange mradi wa Zuhura ukitegemea Webb.

TESS ndiyo hudanganya kwa upole zaidi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Pikseli yake moja ni sekunde 21 za tao, na ndani yake hukaa nyota kadhaa. Ukiona bonde, huenda si la nyota yako bali la jozi ya nyota jirani zinazopitana. Hata sayari ikiwa ya kweli, mwanga wa jirani hulijaza bonde: nusu ya mwanga ikiwa ya jirani, bonde la asilimia 1 litasomeka asilimia 0.5, na utaiandika sayari ndogo kuliko ilivyo. Dawa ni kufungua Gaia na kuorodhesha nyota zote zilizo ndani ya sekunde 42 za tao. Kuna pia safu mbili za mwangaza katika faili. PDCSAP imesafishwa na inafaa kwa sayari, lakini usafishaji huo unaweza kufuta mabadiliko ya polepole ya nyota yenyewe. Kwa nyota geugeu linganisha na SAP, ambayo haijasafishwa hivyo. Nyota kama Betelgeuse, ambayo mzunguko wa mwangaza wake ni siku 400 hivi, usiilete hapa. Siku 27 hazitaonyesha kitu.

Gaia: kugawanya 1,000 kwa paralaksi hufaa pale tu kosa la kipimo ni dogo. Kwa nyota za mbali utakutana na paralaksi hasi, na umbali hasi haupo. Weka sharti la parallax_over_error, yaani paralaksi ikigawanywa kwa kosa lake, kupita 10. Angalia pia safu ya ruwe, inayoonyesha ubora wa kipimo: ikipita 1.4, mara nyingi kipimo kimevurugwa, pengine kwa sababu nyota ina mwenzake. Tena andika mwenyewe idadi ya mistari unayotaka, kwa maana zana nyingine hukukatia matokeo kimyakimya ukadhani umepata yote. Nyota angavu kabisa zinazoonekana kwa macho hazikupimwa vizuri, nyingine hazimo.

Kwa hali yako

Una wiki mbili, laptopu ya kawaida na unahitaji namba ya kutetea mbele ya wasahihishaji: TESS au Gaia. Ukipenda hesabu za wakati na grafu, TESS. Ukipenda takwimu na majedwali, Gaia. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha nne atafika mbali kwa Kilimia, maana wanafunzi wanaweza kukiona kwa macho jioni kuanzia Novemba hadi Machi, upande wa kaskazini, kabla ya kukipima darasani.

Unataka kueleza kwa nini vumbi huficha na infraredi hufichua: chukua Hubble na Webb pamoja, kitu kimoja, picha moja kila upande. Kutumia moja pekee ni kupoteza nusu ya somo.

Swali lako ni la galaksi za mwanzo au gesi zilizo katika hewa ya sayari za mbali: Webb, lakini uwe na miezi, si wiki, na msimamizi anayejua spektra. Swali ni la urujuanimno au la kitu kilichobadilika kwa miaka 20 au 30: Hubble, na hapo hakuna kati ya hizi nne iwezayo kuchukua nafasi yake.

Bado umegawanyika kati ya mbili? Tenga jioni mbili. Ya kwanza, pakua WASP-18 uhesabu mabonde yake. Ya pili, fungua faili moja la Hubble la Nebula ya Tai kwenye DS9 na ubadilishe kipimo cha mwangaza kutoka wa moja kwa moja hadi wa logi, uone nguzo zikichomoza kutoka kwenye giza. Ile ambayo hutaki kuifunga saa za kulala zikifika, endelea nayo.